Kiti Kando ya Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Hata hapa ninapoandika, mezani peke yangu, mkono unakataa, basi nitamwita Mzee na wewe utanisamehe. Nimeolewa Ngana, wilaya ya Kyela, huu mwaka wa tisa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuuona uso wake, wala yeye hajauona wangu. Ndivyo zinavyoishi zile nyumba za Kinyakyusa ambazo bado zinashika: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Nyumba nyingi zimeacha. Mchungaji wetu mwenyewe ameacha, anakula meza moja na mke wa mwanawe na kumtania juu ya chumvi. Mzee alisema kwetu hii si dini, ni heshima, na mjadala ukaishia hapo.

Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na migomba. Kila asubuhi akienda kwenye kakao hupita uani kwetu, na kabla hajafika hukohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu. Nikisikia, natoka mlango wa nyuma na kusimama migombani mpaka apite. Naijua kofia yake kwa nyuma. Naujua unyayo wa ndala yake iliyolika kisigino upande mmoja. Jumapili yeye anasali ibada ya kwanza, mimi ya pili. Chakula chake napika mimi na Lugano, mume wangu, ndiye anayekipeleka.

Mwaka wa kwanza nilikasirika sana. Mimi ni rubani. Nawapeleka watu sabini na sita juu ya mawingu, halafu nikirudi nyumbani najificha nyuma ya mgomba kama mwizi wa kuku! Nilimwambia Lugano kwamba baba yake ananionea. Lugano akacheka, akaniambia ningoje. Basi asubuhi moja nikakuta mlangoni kwa jiko tunda la kakao lililopasuliwa, bichi, na ule utamu mweupe unaozunguka mbegu. Mzee alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba napenda kuumumunya. Tangu siku hiyo msimu wa kakao haukupita bila tunda mlangoni, na hasira zangu zikaniisha bila mimi kujua ni lini.

Mkono wake wa kulia uliumizwa na mashine ya kukoboa mpunga, vidole havikunji. Kwa hiyo mimi hukata ndizi vipande vidogo, naweka kijiko kushoto, mshikio wa kikombe unaelekea kushoto, na kitambaa cha kufunikia nakikunja pembe tatu ili ncha moja ining'inie, aishike kwa urahisi. Hakuna aliyenifundisha. Ni mambo ya kufikiri tu mtu anapompikia mtu asiyemwona.

Halafu macho yake yakaanza kuondoka. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Mwezi uliopita alipotea njia ndogo ile ya uani, akatokea mbele yangu kwenye kamba ya nguo bila kukohoa. Nilifumba macho. Nilisikia ndala zinapita hatua tatu kutoka nilipo, zikasita, zikaendelea. Nilipofumbua alikuwa ameshaingia migombani, mahali pangu.

Sasa nieleze habari ya kazi, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiishi Ngana na kurusha ndege kutoka Dar es Salaam. Wenzangu wa Dar huniuliza kama nina akili timamu. Alfajiri natoka Ngana, napanda milima ya Tukuyu, nashuka Uyole, nafika uwanja wa Songwe, hapo naingia kwenye ndege ya shirika letu na kukaa kiti cha ziada, kile kidogo cha kukunja nyuma ya marubani wawili. Nikifika Dar ndipo kazi yangu inapoanza. Siku nne nzima naruka, siku tatu niko kwenye mpunga wangu. Nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu watu wengi hawajui walipokuwa na furaha mpaka waandikiwe barua ya kuiondoa.

Barua ilikuja mwezi wa pili. Shirika letu limeingia ushirika na shirika kubwa la nje: abiria atanunua tiketi moja huko kwao na kushukia Songwe, mizigo ikimfuata bila kuhangaika. Jambo zuri. Ila washirika wana masharti, na masharti mawili yalinigusa mimi. La kwanza, rubani aishi mahali ambapo anaweza kufika uwanja wa Dar kwa dakika tisini. La pili, hakuna mtu wa tatu chumba cha marubani, kiti cha ziada kinafungwa kuanzia tarehe mosi. Kila rubani ajaze fomu ya makazi na kuirudisha ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho ya mwezi. Asiyerudisha amejiondoa mwenyewe.

Siku hiyo ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Kapteni Muksini alinipitia njia panda na gari lake jeupe lenye redio isiyozimika. Muksini ni mtoto wa duka la vitambaa la Bondeni, pale Kyela mjini. Babu yake alikuja kutoka pwani na majora mawili begani. Ana miaka sitini na nne, anastaafu Desemba, na kwa sababu hiyo haogopi mtu. Siku hiyo alipangiwa kuipokea ndege pale pale Songwe na kuirudisha Dar.

"Mugonile, mkamwana wa watu," alinisalimia kwa Kinyakyusa, akinitania.

"Ndaga, Kapteni. Leo usinichokoze."

Tulipanda taratibu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga mpaka vichwa vya michikichi tu ndivyo vilivyoonekana, vikielea. Wanawake walikuwa wanatembea ndani yake na ndoo vichwani, wakiishia kiunoni. Asubuhi kama hizo huwa sina uhakika kama nimeamka kweli.

"Unajua tatizo la ushirika huu?" Muksini akaanza. "Ni ndoa. Na kwenye ndoa kuna anayeoa na anayeolewa. Sisi tumeolewa, Tusekile. Anayeolewa ndiye anayehama na kujifunza jiko la watu."

"Kwa hiyo wao ni baba mkwe?"

"Hasa! Hujawahi kuwaona sura, lakini wakikohoa huko kwao, wewe huku unakimbilia migombani."

Nilicheka nikiwa sitaki. Halafu akaacha utani.

"Umeamua nini?"

Nilikuwa na karatasi mbili kwenye mkoba. Moja ilikuwa fomu ya makazi, tupu. Nyingine barua ya kuacha kazi, imeandikwa, imesainiwa. Lugano asingeweza kuhamia Dar na kumwacha baba yake gizani peke yake. Hakunikataza kuhama, wala hakuniomba nibaki. Angenikataza ningegombana naye na moyo ungepoa. Lakini alinyamaza tu, akaenda kukaa kwenye tanuri la kukaushia kakao mpaka jioni, na mimi nikaandika barua. Nilimsomea juzi yake, tukiwa jikoni. Alinishika bega.

"Barua," nikamjibu Muksini.

Alipiga usukani kwa kiganja. "Wallahi, mimi natoka kwa uzee, wewe unatoka kwa nini? Miaka mitatu tu ungeketi kiti changu."

Nilitazama chai ya Tukuyu ikipita dirishani, kijani tupu, na nikajisikia nawaacha watu wote niliowahi kuwabeba.

Na kulikuwa na jambo jingine siku hiyo. Mzee naye alikuwa anasafiri. Binti yake, wifi yangu Anyelwisye, alikuwa amempatia nafasi ya kufanyiwa upasuaji wa macho Dar, na basi la saa kumi na nne lingemvunja mgongo. Ndege aliikataa mara mbili. Mara ya tatu akamuuliza Lugano: "Mke wako hukaa wapi humo ndani?" Lugano akamwambia nakaa mbele kabisa na marubani, nyuma ya mlango wa chuma. "Mlango unafungwa?" Unafungwa kwa ndani, baba, hata rais haufungui. "Basi nitapanda siku anayokuwemo," akasema Mzee. Tukachagua Alhamisi hiyo, siku ya mwisho ya kiti changu. Lugano alimleta kwa gari jingine usiku, kabla yetu, akamkabidhi kwa wahudumu wa uwanja, akawahi kurudi nyumbani.

Tulipofika Songwe, Muksini akaenda kwenye ndege kabla yangu. Alirudi uso umekunjamana.

"Kuna mkaguzi," akasema. "Katumwa na washirika. Alikuja na ndege ya asubuhi, anarudi na sisi. Amekaa kiti cha kwanza na kalamu mkononi. Kiti cha ziada kimefungwa leo."

"Tarehe mosi ni kesho!"

"Mwambie wewe. Mimi nilimwambia, akaandika." Akapunguza sauti. "Naweza kukuingiza. Desemba natoka, watanifanya nini?"

Nilifikiri. Najua nilifikiri, sitajifanya mtakatifu. Lakini mtu wa miaka thelathini na minane angani hawezi kumalizia kazi yake kwa doa kwa sababu ya migomba yangu. Nikakataa. Jioni nilikuwa na ndege ya Mwanza, abiria walikuwa wananingoja, na ndege ya kesho yake ilikuwa imejaa. Kilibaki kiti kimoja tu kwa abiria, kumi na moja D. Nilikuwa wa mwisho kupanda. Mkaguzi alinitazama, akaitazama saa yake. Nilitembea ujiani nikihesabu namba, na kabla sijafika nikaiona kofia.

Kumi na moja F, dirishani. Naijua kofia ile kwa nyuma.

Nilimvuta Rukaya, mkuu wa wahudumu, nikamnong'oneza anibadilishie. Rukaya ni mtu wa Tanga, hakunielewa hata kidogo. "Hesabu ya uzito imeshafungwa, dada, na yule bwana anaandika. Kaa tuondoke." Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nina kitenge ambacho hakitoki kwenye mkoba wangu, mkamwana wa nyumba yetu hatembei bila hicho. Nilijifunika kichwa na mabega, na sare yangu yote, nikajikalisha kwenye ukingo wa kiti nikielekea ujiani. Mkanda niliufunga kwa kupapasa. Nimewahi kutua Bukoba kwenye radi na sikuogopa hivyo.

"Mugonile, mama," sauti ikasema kando yangu.

Nilitikisa kichwa ndani ya kitenge. Sauti yangu anaijua, anaisikia miaka tisa ikitoka jikoni. Nisingeweza kumjibu.

"Umechoka," akasema. "Haya, pumzika. Mimi nitaongea tu, maana nikinyamaza tumbo linaniuma kwa hofu." Akasogea karibu kidogo, kama mtu mwenye siri. "Ndege hii inaendeshwa na mkamwana wangu."

Nilifunga macho.

"Yupo kule mbele, nyuma ya mlango wa chuma. Mimi na yeye hatuonani, sisi Wanyakyusa tuna mambo yetu. Miaka tisa nimetaka kukaa naye chini ya paa moja hata kwa saa moja. Nilikuwa nakosa nyumba yenye mlango wa kutosha." Akacheka kimya kimya. Ndege ilipoanza kukimbia akashika kiti kwa mkono wake wa kushoto, akaelekeza maneno kule mbele, pole pole, kama anayeongea na mtu aliyebeba chungu: "Taratibu, mwanangu. Taratibu hivyo hivyo."

Tulipoacha ardhi, sauti ya Muksini ikasikika kwenye spika ikitukaribisha. Mzee akashtuka. Halafu akajijibu mwenyewe: "Huyo ni msemaji wake. Dereva haongei akiwa kazini."

Mbele yetu mawingu meusi yalikuwa yamesimama juu ya Uporoto. Niliyaona kupitia pindo la kitenge, na nikajua Muksini atafanya nini, kwa sababu ndicho ambacho ningefanya. Bawa la kulia likashuka. Tuliyazunguka kwa kusini, kuelekea Kyela na ziwa.

"Tunapinda," Mzee akasema. "Tunapita wapi, mama? Mimi mbele ya macho nina weupe wa maziwa tu. Nieleze."

Nilinyamaza. Akangoja. Akaniuliza tena, kwa upole, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kukaa pale na kijiji chetu chote kinapita chini yetu bila yeye kujua. Nadhani sijawahi kujichukia kama dakika ile. Kisha nikatoa kalamu. Kwenye mfuko wa karatasi wa kutapikia nikaandika: *Kapteni, niko kumi na moja D. Baba yuko kando yangu na haoni. Mwambie nchi inayopita.* Nikampa Rukaya, naye akapeleka maneno mbele kwa simu ya wahudumu, mgongo wake ukiwa kwa mkaguzi.

Spika ikakohoa.

"Ndugu abiria," Muksini akasema, na sauti yake haikuwa ya kazini. "Kuna mawingu, tumezunguka kidogo. Leo nitawatembeza nyumbani. Chini kulia ni mto Songwe. Unakwenda ukijikunja kama mtu asiyetaka kufika, upande huu kwetu, upande ule Malawi. Mashamba yale ni Katumba Songwe, maji yamesimama mpungani na mawingu yote yamo humo ndani. Pale penye miti myeusi, iliyobanana, ni Ngana. Kakao hiyo. Moshi unatoka kwenye tanuri moja, kuna mtu anakausha."

"Lugano," Mzee akanong'ona. "Nilimwambia aanze leo."

"Huku mbele ni Kyela mjini. Bondeni nayaona mabati ya duka la baba yangu, yamepata kutu, Mungu amrehemu. Na sasa ziwa. Halina upepo. Milima ya upande wa pili imesimama kichwa chini ndani ya maji, nisingejua ipi ni ipi kama singekuwa na vyombo. Na kungu wametoka. Nguzo tano, sita, saba, zimepanda juu mpaka karibu na sisi."

Kungu ni wadudu wadogo wa ziwani, hutoka majini kwa mamilioni na kupaa kama moshi. Bibi zetu huwakamata kwa vikapu na kuwakanda mikate. Niliinua pindo nikaona. Nguzo za rangi ya kahawia zilikuwa zinacheza polepole juu ya maji, na kivuli cha ndege yetu kilipita katikati yake bila kuzigusa. Mzee alikuwa ameegemeza kipaji cha uso kwenye kioo. Machozi yalikuwa yanamshuka, naamini, maana alijipangusa kwa mkono ule usiokunjika. Abiria wengine waliacha simu zao. Hata mkaguzi alikuwa ameinama dirishani, kalamu imesahauliwa juu ya goti.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Mimi niliona kama nimelala nikiwa mtoto na mtu mzima ananisimulia.

Tulipovuka milima Rukaya akapita na karanga, maji na juisi. Mzee aliupapasa mfuko wa karanga, akaujaribu kwa meno, akashindwa. Nikauchukua bila kufikiri. Niliuchana, nikakunja kitambaa cha karatasi, nikamwagia karanga juu yake, nikafungua juisi na kuuinamisha mrija, nikasogeza vyote kwenye meza yake. Kisha nikarudi kwenye ukingo wa kiti changu.

Mkono wake wa kushoto ukateremka. Ukakuta karanga upande wa kushoto. Ukakuta mrija umeelekea kushoto. Ukapapasa kitambaa, ncha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukasimama kwenye ile iliyoning'inia ukingoni mwa meza.

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya.

Mzee aliviacha vidole juu ya ile ncha. Halafu taratibu akageuza mwili wake wote, mabega na kichwa, akaelekea dirishani, mgongo kwangu. Hakugeuka tena mpaka Dar. Alikula karanga zake zote akiwa vile, shingo imepinda, moja moja.

Alipomaliza akaongea. Alikiambia kioo.

"Dirisha, nina maneno. Sina wa kumpa, nakupa wewe." Sauti yake ilikuwa nyingine sasa, ya mtu anayechagua pa kukanyaga. "Watu wanadhani nafuata macho ili nione. Nimeshaona, nina miaka sabini na tisa. Mwezi uliopita nilimtokea mkamwana wangu uani, sijakohoa, nikapita karibu naye kama ng'ombe. Aliyeshika heshima siku ile ni yeye peke yake. Niliona aibu. Nataka macho ili nimkwepe inavyopasa."

Nilibana kitenge mdomoni.

"Lingine. Juzi nilikuwa njiani, bado kukohoa, nikasikia anasoma barua jikoni. Barua ya kuiacha ndege. Ameiandika kwa sababu ya mzee mmoja asiyeona. Dirisha, mimi nimekula chakula chake miaka tisa, najua amekaaje siku hiyo kwa jinsi alivyokata ndizi. Akiacha kazi yake kwa ajili yangu, kila tonge litanikaa hapa." Akagusa koo. "Kwa hiyo nimeongea na binti yangu. Sirudi. Kakao ataisimamia Nsajigwa, mtoto wa mdogo wangu, tumekwisha kuelewana. Lugano hajui, nitampigia nikifika. Anadhani lile sanduku chini lina nguo za wiki mbili. Nimetia nguo zangu zote."

Nililia. Nililia kama sijawahi, bila sauti, kifua kikinipanda na kushuka ndani ya kile kitenge, na kati yetu kulikuwa na sehemu moja ya kuwekea mkono ambayo hakuna kati yetu aliyeigusa. Nilimpenda mzee yule. Nilitamani kumwambia, na nilijua kwamba kumwambia kungeharibu kila kitu alichokuwa ananipa.

"Basi," akasema. "Dirisha, kama una mdomo, mpelekee."

Tulitua saa tisa na robo. Muksini aliiweka chini kwa utulivu, na Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, bado akidai, kwa ajili ya wote waliokuwa wakisikia, kwamba mkamwana wake anajua kazi. Abiria wakasimama, wakaburuta mikoba. Yeye hakugeuka. Alikuwa ananingoja nitoke kwanza, kama mimi nilivyokuwa nikingoja migombani.

Nilisimama ujiani. Halafu nikakohoa: mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alikohoa vile vile kukiambia kioo, na mimi nikatoka.

Ofisini Muksini alinikuta nimekaa mbele ya karatasi zangu mbili, kitenge shingoni, macho yamevimba. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika ishirini. Akavuta kiti, hakuuliza. Nikaichana barua vipande vinne nikaitia kwenye kikombe cha chai kilichokuwa tupu. Halafu nikampigia Lugano.

Alikuwa ameshapigiwa na baba yake. Aliniambia Nsajigwa amefika pale kwenye tanuri na kwamba yeye anamfundisha kugeuza kakao huku ameshika simu, na kwamba hajui aanze wapi, na kama kweli nataka aje.

"Uje," nikamwambia. "Tafuta nyumba. Mtaa wa Anyelwisye, hatua chache kutoka kwake. Chakula cha Mzee nitapika mimi."

"Vyumba vingapi?"

"Vyovyote. Ila iwe na milango miwili, Lugano. Mmoja wa yeye kuingilia akija kumwona mwanawe, na mmoja wa nyuma wa mimi kutokea."

Muksini aligeuza uso akajifanya anatafuta leso. Nikavuta fomu. Kwenye mstari wa makazi nikaandika jina la mtaa wa wifi yangu, nyumba itafuata, nikasaini, nikaipeleka kwenye dirisha la kupokelea fomu kabla ya saa kumi na moja. Saa moja jioni niliwapeleka watu wa Mwanza.